Hewa Iliyozima Kiberiti

Mama mkwe wangu alipikia kuni miaka yote niliyomfahamu, na miaka yote hiyo alikohoa. Ukifika kwake Akheri, kule Meru, kabla hujamwona ungemsikia nyuma ya migomba, akikohoa na kumfokea ng'ombe kwa wakati mmoja, ukajua kwamba yupo na ni mzima. Daktari wa mjini hakukubaliana na neno hilo la uzima. Alimsikiliza kifuani na mgongoni, kisha akatugeukia sisi tuliompeleka, akasema mapafu ya mama yamechoshwa na moshi, na kwamba asipoachana na moshi asitegemee dawa.

Mjadala ulianzia hapo. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili Lemara, mjini Arusha, nami nilikuwa nikifundisha kemia katika sekondari moja ya mjini. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa amejenga Terrat. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya biashara huria, maduka yalipojaa vitu ghafla kana kwamba vilikuwa vimejificha mahali, na shemeji alikuwa ameacha ukarani wa ushirika wa kahawa, sasa anauza vipuri vya magari vilivyotumika. Mambo yalimwendea vizuri. Kwake yeye jibu lilikuwa rahisi: mama ahamie Terrat, akapikiwe kwenye jiko la umeme.

"Terrat kuna nini?" mama alimuuliza.

"Kuna umeme, mama."

"Nimeuliza kuna nini. Mgomba upo? Mfereji unapita? Baba yako amezikwa huko?"

"Mama, huko utapumzika."

"Nikipumzika nitakufa. Wewe hujaona watu wanavyopumzika?"

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake, na alikuwa amemsikia akikohoa tangu akiwa mtoto mgongoni. Alichotaka ni kikohozi kikome, na yeye alikuwa na nyumba. Mama naye alitaka kubaki na ng'ombe wake wawili, migomba yake, na kaburi alilolifagia kila Jumamosi. Mimi nilisikiliza pande zote mbili na kila upande niliona una haki.

Aliyeleta njia ya tatu alikuwa fundi wa mradi wa maziwa, aliyekuwa akizunguka kata ile kuwafundisha watu kufuga ng'ombe ndani ya banda. Alimwambia mama kwamba kinyesi cha ng'ombe wale wawili kinatosha kumpikia chakula. Mama alidhani anataniwa. Fundi akaeleza: unachimba shimo, unalijengea kwa matofali na saruji mpaka linakuwa kama chungu kikubwa kilichofukiwa, unachanganya kinyesi na maji unamimina, na juu yake inajikusanya gesi ambayo inapita kwenye bomba hadi jikoni. Saruji wakati huo ilikuwa imeanza kupatikana dukani bila kuomba kibali, jambo ambalo miaka michache nyuma lingemfanya mtu acheke. Basi tukajenga. Shemeji mwenyewe alileta saruji, ingawa aliguna. Masharti aliyatoa akiwa amesimama juu ya mchanga, mbele yetu sote.

"Jiko likiwaka bila moshi, mama anakaa. Likigoma, mama anahama, na nisisikie neno."

"Hutalisikia," mama alisema. "Nitakuwa napika."

Na kweli alipika. Gesi ilipokuja, ilikuwa mwali wa buluu uliokaa chini ya sufuria kimya, bila kuulizia kuni. Mama hakuuzoea upesi. Kwa muda alikuwa akiinama kuupuliza kama alivyopuliza makaa maisha yake yote, na sisi tukimwambia, "Mama, huo haupulizwi." Lakini kikohozi kilipungua, kwanza asubuhi, halafu usiku. Akaanza hata kuimba akiwa anakamua.

Kisha ukaja ubatizo wa mjukuu mmoja na kipaimara cha mwingine, siku moja, nyumbani kwa mama. Mtu wa Meru hahitaji kuelezwa siku kama hiyo inavyokuwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilipikwa kwa mapipa. Wageni walikunywa, walisali, walikula, wakanywa tena. Walipoondoka, uani yalibaki machicha ya mbege, ndoo kwa ndoo, matamu na machachu, na rundo la maganda ya ndizi mbivu. Kwa kawaida machicha hupewa ng'ombe, lakini ng'ombe walikuwa wameshiba mpaka wanageuza uso. Mama akasimama katikati ya ua na kutoa amri kwa moyo mweupe kabisa.

"Mwageni shimoni. Na lenyewe lile sikukuu."

Yakamwagwa yote.

Jumamosi iliyofuata nilipofika kumsalimia, nilikuta moshi unatoka kwenye paa la jiko la zamani. Mama alikuwa amechutama mbele ya mafiga, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiniulize. Nenda kaone mwenyewe."

Nilifungua bomba la jiko la gesi. Hewa ilitoka, na kwa nguvu, nilisikia ikivuma. Niliwasha njiti ya kiberiti nikaisogeza. Njiti ilizimika, papo hapo, kama mtu ameibana kwa vidole. Nikawasha nyingine, ikazimika vile vile. Nilisikia harufu ya uchachu, karibu sawa na ya pipa la mbege likifunuliwa siku ya tatu.

Niliporudi uani nilimkuta shemeji amefika. Hakuwa na haja ya kuuliza, moshi ulikuwa umeshamwambia.

"Shemeji mwalimu," alisema, "shimo limegoma."

"Linaumwa, shemeji. Halijagoma."

"Liwe linaumwa au limegoma, mama yangu anakohoa. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

Mama hakusema neno. Alikuwa ameahidi kwamba hatalisema.

Sasa nieleze kilichotokea humo shimoni, maana ni jambo zuri, na halina ugumu ukilitazama polepole. Ndani ya shimo hakuna hewa ya kupumua, lakini kuna vijidudu visivyoihitaji, na tunaweza kuvigawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lina haraka na lina pupa. Linakula kila kitu kitamu, na linaacha nyuma uchachu pamoja na hewa mbili: haidrojeni na hewa ukaa. Hewa ukaa unaifahamu. Ndiyo inayopanda kwenye soda, ndiyo inayotoa povu kwenye mbege, ndiyo unayoitoa puani sasa hivi unaposoma. Haiwaki, na haiwezi kuwaka kwa sababu yenyewe imekwisha kuungua. Ichukulie kama majivu, ila majivu yanayoruka.

Kundi la pili ni la polepole, na linadeka. Linachukua kile ambacho kundi la kwanza limeacha, ule uchachu na zile hewa mbili, na kutokana navyo linatengeneza methani, gesi iliyokuwa ikimpikia mama chai. Baadhi ya vijidudu hivyo hufanya jambo ambalo mpaka leo nikilifundisha natabasamu: huishika hewa ukaa, huiunganisha na haidrojeni, na hutoa methani na maji. Yaani huchukua majivu yanayoruka na kuyarudisha kuwa kuni. Si bure, bila shaka. Haidrojeni ndiyo inayobeba nguvu, na bila yake majivu yangebaki majivu. Lakini kazi yenyewe inafanyika gizani, ndani ya tope, bila jiko wala kelele.

Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam niliwahi kuona kazi hiyo ikifanywa na binadamu. Mwalimu wetu alipitisha hizo hewa mbili kwenye bomba la kioo lenye unga wa nikeli ndani yake, akalipasha bomba moto mkali. Tulisubiri. Upande wa pili wa bomba yakaanza kujikusanya matone ya maji, na mwalimu akatuambia kwamba pamoja na maji hayo inatoka methani. Nikeli ilibaki vile vile, haikupungua hata kidogo. Kitu kama hicho tunakiita kichocheo. Baadaye nilisoma kwamba vile vijidudu vya polepole navyo vina chembe ndogo sana za nikeli katika viungo vyao vya kufanyia kazi. Metali ile ile. Tofauti ni kwamba sisi tulihitaji moto mkali, na vyenyewe vinahitaji joto la tumbo la ng'ombe tu.

Kosa la machicha lilikuwa hili: tuliliandalia kundi la haraka karamu. Likala, likamwaga uchachu kupita kiasi, na uchachu huo ukalilemea kundi la polepole. Hewa ukaa ikaendelea kutoka na hakukuwa na wa kuigeuza. Ndiyo iliyozima kiberiti changu.

Jumamosi ile ile, shemeji alipoondoka, nilimweleza mama haya yote.

"Kwa hiyo shimo langu limekuwa pipa la mbege."

"Ndiyo, mama."

"Shimo la Mlutheri mzima limelewa." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kiishe. "Na hicho unachokiita kichocheo, ni dawa?"

"Si dawa, mama. Mfano wake ni mshenga. Huyu kijana hapa, yule binti kule, hawajuani, na wenyewe hawawezi kuanza. Mshenga anakwenda, anarudi, anawakutanisha. Wakishaoana, yeye anabaki kama alivyokuja, anaweza kwenda kwenye nyumba nyingine."

"Na huyo mshenga halipwi?"

"Halipwi kitu."

"Basi hakutoka kwenu Machame," alisema, na safari hii alicheka bila kukohoa.

Mimi ni wa Machame kweli, na Kimachame changu na Kimeru chake vilikaribiana kiasi kwamba utani haukuhitaji kutafsiriwa. Lakini alipomaliza kucheka aliniuliza swali jingine.

"Hao washenga bado wapo humo, au wamekufa wote?"

"Sijui, mama. Tunaweza kujaribu."

Kwanza tuliacha kulilisha shimo kabisa, na mama aliona vigumu, kwa kuwa kunyima chakula nyumbani kwake ilikuwa ni tusi. Nilikuja na karatasi za litmasi, zinazogeuka nyekundu zikigusa uchachu, kutoka maabara ya shule, kwa ruhusa ya mkuu, nikachovya moja kwenye tope. Iligeuka nyekundu kama juisi ya rozela. Nilimwonyesha mama, nikamwambia siku tutakayoona wekundu huo umeacha kuja ndipo tutakuwa na matumaini. Aliomba nimwachie karatasi chache. Akaziweka ndani ya Biblia, na kila asubuhi baada ya sala alikwenda shimoni.

Kuupunguza uchachu hakukuwa na siri. Kila jiko la Arusha lina magadi, yale mawe meupe ya kulainishia maharage. Mama aliuliza ni kwa nini magadi yafae.

"Ukiweka magadi kwenye maziwa yaliyochacha inakuwaje?"

"Yanatoa povu, halafu ukali unaisha."

"Basi."

Tuliyayeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, tukawa tunamimina kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Nilimsihi asiongeze haraka, kwa kuwa hata magadi yakizidi yangeweza kuwaumiza wale tuliotaka kuwaponya. Tulifungua pia bomba uani na kuiacha ile hewa mbaya itoke, ili ikija nzuri ipate nafasi.

Lililobaki lilikuwa mbegu, yaani washenga hai kutoka shimo jingine. Hapa mama alinielewa kabla sijamaliza sentensi, maana alikuwa mgandishaji wa maziwa: kibuyu kikioshwa sana, unaazima mgando kwa jirani. Palikuwa na nyumba upande wa juu wa mfereji yenye shimo linalofanya kazi vizuri. Mama mwenye nyumba alikuwa mwenzake katika umoja wa wanawake wa kanisa, na alikubali kutoa tope lake. Jumapili baada ya ibada, akina mama walibadilisha nguo, wakafunga vitenge viunoni, wakapanga mstari na ndoo vichwani kushuka njia ya mfereji. Nilikuwamo.

"Tumebeba maji ya harusi," mmoja alisema huku ndoo ikimchuruzikia begani, "tumebeba mawe ya kanisa. Leo tunabeba mavi ya jirani!"

"Na tukimaliza tunapewa nini?"

"Mbege!"

"Mbege hapana!" mama alipiga kelele kutoka nyuma. "Atakayetaja mbege karibu na shimo langu nitamtumbukiza!"

Kutoka hapo ilikuwa kungoja tu. Nilikuwa nikifundisha siku za wiki na kupanda Akheri kila Jumamosi, na njia nzima nilijiuliza nitakuta nini. Mama alikuwa bado anapikia kuni, na kikohozi kilikuwa kimerudi chote. Mara moja nilimkuta amekaa kwenye kigogo nje ya jiko, mkono kifuani, akihema. Niliketi karibu naye. Nilifikiri kwamba labda shemeji yuko sahihi, kwamba labda tunamfundisha mgonjwa uvumilivu wakati kuna nyumba yenye umeme inamngoja. Nilimwambia hivyo. Sikutaka somo langu la kemia liwe sababu ya yeye kuumia.

"Mwanangu," alisema, "wewe unafundisha watoto. Mtoto asiyeelewa wiki ya kwanza, unamfukuza?"

"Hapana, mama."

"Basi tulia."

Wiki iliyofuata karatasi haikugeuka nyekundu. Ilibaki na rangi yake. Tulijaribu kiberiti: njiti ilizimika, lakini kwa kusitasita. Siku chache baadaye mama alituma salamu kwa mchuuzi wa maziwa aliyeshuka mjini, na salamu zenyewe zilikuwa neno moja tu: "Inashika." Nilipofika niliona mwali wa manjano, dhaifu, unarukaruka na kukatika kama mtu anayejifunza kusoma. Hewa ukaa bado ilikuwa nyingi ndani yake, lakini kulikuwa na methani. Kule chini gizani washenga walikuwa wamerudi kazini. Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nimefundisha kemia muda mrefu, nimeandika milinganyo hiyo ubaoni mara nyingi, na siku ile tu ndipo nilipoona mtu anaitegemea.

Siku hizi nasikia wataalamu duniani kote wanajaribu kuchukua hewa ukaa ya viwanda na kuigeuza kuwa mafuta, pombe ya kuendeshea mashine, hata malighafi ya plastiki, kwa kutumia vichocheo visivyochafua na haidrojeni inayotokana na nguvu ya jua. Wanafunzi wangu huniuliza kama itawezekana. Huwaambia kwamba inawezekana tayari, na kwamba kazi iliyobaki ni kuifanya iwe rahisi na isipoteze nguvu nyingi njiani. Huwaambia pia wakatembelee banda la ng'ombe. Wengine hucheka, wachache huenda.

Mwisho wa mwezi ulifika, na shemeji alifika nao. Alikuja Jumamosi na pikapu, nyuma kaweka turubai na kamba. Mume wangu na mimi tulikuwa tumetangulia. Mama hakuwa amefungasha hata kijiko. Alimkaribisha mwanawe ndani, akaweka birika juu ya jiko la gesi, akawasha. Mwali ulikuja wa buluu, ukatikisika kidogo kwenye ncha, ukatulia.

Shemeji aliutazama akiwa amesimama.

"Chai kila mtu anachemsha, mama. Chakula je?"

"Funua sufuria hiyo."

Alifunua. Ulikuwa mtori, ndizi zilizopondwa kwa nyama, ungali na joto. Hakuchukua kijiko kwanza. Aliinama akaunusa kwa muda mrefu, na nilielewa anachotafuta, kwa sababu mtori wa mama, tangu wao wakiwa watoto, ulikuwa na harufu ya moshi ndani yake. Hakuna chakula cha kuni kinachoweza kuficha hilo. Akanusa tena. Kisha akachota, akaonja.

"Hauna moshi," alisema.

"Nimekwambia nini?"

"Hauna ladha pia. Ule utamu wa moshi haupo."

"Utamu huo ndio uliokuwa unaniua," mama alisema. "Chagua."

Mume wangu alitazama sakafu ili asicheke. Shemeji alivuta kigoda akaketi, bakuli mapajani, akala mpaka akamaliza. Wakati wote huo alikuwa anasikiliza. Nami nilikuwa nasikiliza. Mama alimimina chai, akaosha vikombe, akasogeza kuku waliokuwa mlangoni, akarudi kukaa. Alikohoa mara moja, kikohozi kifupi, cha kawaida.

"Likizimika tena?" shemeji aliuliza, na safari hii aliniuliza mimi.

"Tutajua la kufanya. Na mama analijua kuliko mimi, yeye ndiye aliyekuwa akilipima kila siku."

Aligeuza bakuli mikononi.

"Haya," alisema. "Kaa basi, mama."

"Nilikuwa nimekaa."

Alinyoosha bakuli aongezewe. Mama alimwongezea, na huku anamwongezea akamwambia kwamba gari la watu halirudi tupu, kwa hiyo akimaliza aende nyuma ya banda akakate mikungu miwili ya ndizi apeleke Terrat, na mdogo wake amsaidie kuibeba. Walitoka wote wawili na panga. Nilibaki jikoni na mama. Alipunguza mwali kidogo, bila kuupuliza, akaweka maharage ya jioni.